Chumvi Inayolia

"Ijumaa saa sita ya mchana napigilia sakafu," Papa Bertin aliniambia, misumari miwili ikiwa imebanwa kati ya meno yake. "Kitu cha marehemu kikiwa tayari, kitaingia. Kisipokuwa tayari, kitabaki inje. Boti haingojake karatasi, Mama Elsa."

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa saba. Boti lake jipya lilisimama juu ya magogo, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, urefu wa mita kumi na sita, mbavu zikiwa wazi. Papa Bertin huunda boti moja kwa mwaka, tena polepole, lakini akishafika kwenye sakafu hakuna wa kumzuia. Sakafu ikipigiliwa, mbao za chini hazionekani tena mpaka kiangazi cha mwaka unaofuata, boti likivutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nikikosa Ijumaa hiyo, nimekosa mwaka mzima.

Marehemu aliyemtaja ni bwana yangu, Gauthier. Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kalemie, na akitoka darasani alitengeneza redio. Alifariki mwezi wa tatu, kwa presha, asubuhi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Sitaandika zaidi juu ya asubuhi hiyo. Naandika juu ya mukanda, kwa sababu ndiyo kazi aliyoiacha katikati, na kwa sababu kichwa cha mtu husahau.

Mukanda wenyewe ni hivi. Boti likibebeshwa saruji au mahindi, huanza kufunguka kwenye maungio, pale ubao unapokutana na ubao. Nafasi ya unene wa ukucha inatosha. Magunia yamefunika kila kitu, hakuna anayeona, na maji yakifika juu ya sakafu, magunia ya chini yameshakunywa na boti limeshakuwa zito. Gauthier alitaka kitu kitakachosema mapema, kabla ya maji. Kitu chembamba, cha kunyumbuka, kinachopitisha umeme, cha kugundishwa juu ya ungio. Ungio likifunguka, mukanda unavutika. Ukivutika, chembe nyeusi zilizo ndani yake zinaachana na umeme unapita kwa shida. Hapo kengele ndogo aliyoifunga ndani ya mukebe wa maziwa inalia. Mukebe alikuwa ameshaumaliza. Kilichobaki ni mukanda.

Na alitaka kuutengeneza kwa vitu vinavyopatikana kwetu. Wanga wa muhogo. Masizi ya taa, pamoja na unga wa vile vijiti vyeusi vinavyokaa katikati ya mapile, yaani betri za redio. Na chumvi. Kwenye chumvi ndipo nilipokwama.

Kwa upande wa bwana yangu, mjane hatii chumvi ndani ya kitu cha watu mpaka matanga yatolewe. Anapika, lakini mwingine anatia chumvi. Siku ya kutoa matanga, mama mkwe wake anamwekea chumvi kiganjani mbele ya ndugu wote, naye anaitia ndani ya chungu, na kuanzia hapo yuko huru. Katekista wetu anasema si dhambi kuiacha desturi hiyo. Mimi sikuifuata kwa kuogopa dhambi. Niliifuata kwa sababu mama mkwe wangu, Mama Émérence, alimzika mtoto wake wa pekee na hakuniomba kitu kingine chochote. Binti yangu Elsa, mwenye miaka kumi, ndiye aliyetia chumvi kwenye maharagwe yetu miezi yote ile, mara nyingi kupita kiasi, na tulikula hivyo hivyo.

Jumatatu hiyo, nilipotoka kwa Papa Bertin, nilimwita jirani yangu Denise, mfugaji wa kuku, aje awe mkono wangu. Daftari la Gauthier lilikuwa wazi mezani. Tulisoma pamoja, kwa shida, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kama wa daktari: "Chumvi: chagua ile inayolia. Isiyolia haifai."

Chumvi inayolia, kwetu kila mtu anaijua. Ni ile iliyovuta unyevu wa hewa mpaka gunia likalowa na matone yakaanguka chini. Chumvi ya Uvinza, inayovuka ziwa kutoka Kigoma, inalia sana wakati wa mvua.

"Basi ni ya Uvinza," Denise alisema. "Lakini saa hii ni kiangazi. Chumvi yote imekauka kama macho ya wakwe."

"Denise!"

"Nimesema wakwe. Sikusema wako."

Lakini alikuwa anamsema Mama Émérence, na wote wawili tulijua. Siku ya maziko hakulia. Watu waliliona hilo, na watu wa mtaa wetu hawana tabia ya kusahau.

Denise alizunguka soko mpaka akapata muuzaji aliyeweka gunia lake karibu na ndoo za samaki, likalowa. Nikakoroga wanga na masizi jikoni. Yeye akatia chumvi, mimi nikisimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Tulimimina uji ule mweusi juu ya bati lililopakwa mawese kidogo, tukauacha kwenye upepo.

Jumanne mukanda ulikuwa mzuri, mweusi, unakunjika. Niliufunga kwenye testa, mashini ndogo ya Gauthier ya kupima umeme, na sindano ikaruka. Denise akacheza pale pale jikoni, kisha akaniaga. Alfajiri ya Jumatano alisafiri kwenda Nyunzu kuwaona wazazi wake, akaniachia ufunguo wa banda la kuku.

Jumatano mchana mukanda ulikuwa umekauka kabisa. Vipande vyeupe vya chumvi vilijitokeza juu yake kama jasho lililoganda kwenye shati jeusi. Nilipoukunja, ulivunjika kama ndagala, dagaa mkavu. Niliushika kwenye testa. Sindano haikutikisika.

Nilivipeleka vile vipande kwa Papa Bertin, kwa sababu sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Akavigeuza mkononi.

"Ni chakula?"

"Ni mukanda."

"Njo huu utalinda boti yangu? Mama Elsa, hata panya atacheka. Miye naziba na pamba na lami. Baba yangu aliziba na pamba na lami."

"Na boti la mwaka jana?"

Akanirudishia vile vipande. Boti la mwaka jana lilifika Moba na magunia hamsini ya saruji yaliyogeuka mawe. Watu walipona kwa sababu bandari ilikuwa karibu.

"Ijumaa saa sita," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari tena. Mara ya kwanza nilikuwa nimetafuta neno chumvi tu. Sasa nilisoma ukurasa wote, pamoja na yale yasiyonihusu: majina ya wanafunzi waliochelewa, namba ya simu isiyo na jina, mchoro wa kuku. Juu, kwenye kona, aliandika tarehe. Kumi na tisa, mwezi wa saba, mwaka uliopita.

Tarehe hiyo ilinisimamisha. Mwezi wa saba ni kiangazi. Chumvi ya jikoni hailii mwezi wa saba, Denise mwenyewe alisema. Sasa Gauthier aliiona wapi chumvi ikilia? Nikautazama tena mchoro wa kuku, na kuku akaacha kuwa mchezo.

Nilikumbuka. Mwaka uliopita Denise alikuja mlangoni kwetu na mukebe mkononi, amekasirika. "Mwalimu, dawa ya kuku wangu imelia! Nimeifungua jana tu, leo imekuwa asali!" Ilikuwa ule unga mweupe unaoletwa kutoka Kigoma, unaochanganywa na chakula cha kuku ili maini yao yasijae mafuta. Kwenye mfuko jina lake ni kolini kloridi. Gauthier aliupokea mukebe kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto mchanga. "Hii haikuharibika," alisema. "Hii ni chumvi." Denise akamjibu kwamba kama ni chumvi aitie ndani ya mboga yake ya sombe, aone.

Mimi nilisoma sekondari, sehemu ya ualimu, na kemia niliisoma mwaka mmoja tu. Lakini Gauthier alikuwa amechapisha karatasi nyingi za wataalamu, na pembeni aliandika maelezo yake kwa maneno ambayo hata mimi ninayafuata. Chumvi ya jikoni, ili iyeyuke bila maji, inataka moto mkali kama wa masonara, karibu nyuzi mia nane. Vipande vyake, yaani ioni, ni vidogo na vinalingana, vinajipanga mstari na kushikana sana. Lakini ziko chumvi ambazo ioni zake ni kubwa na hazifanani. "Kama watu wanaotaka kupanga mstari," aliandika, "mmoja amebeba godoro, mwingine baiskeli." Mstari haukai. Chumvi hizo zinabaki kimiminika hata asubuhi ya baridi, na bado zinabeba umeme, na hazikaushwi na jua kama maji. Ukichukua chumvi ya kuku na ire, yaani urea, ile mbolea nyeupe ya bustani, vyote vikavu, ukavipasha taratibu pamoja, vinageuka kimiminika. Wenye elimu wanabishana kama hicho ni kimiminika cha ioni kamili au ni ndugu yake tu. Gauthier aliandika: "Ndugu anatosha."

Kazi yake ndani ya mukanda ni mbili. Wanga haukauki, unabaki laini. Na masizi, ambayo yanapenda kushikana vidonge vidonge kama watu wa familia moja kwenye matanga, yanatandazwa mpaka kila chembe inagusa jirani yake, na umeme unapata njia.

Kwenye banda la Denise kulikuwa na mfuko mzima wa dawa ile. Ire nilikuwa nayo. Mkono wa kutia sikuwa nao. Elsa asingefaa, kwa sababu hii haikuwa punje za mwisho za kutupia ndani ya chungu. Ilikuwa kazi nzima, ya saa mbili, na sikutaka mtoto ainamie moto na vitu vile. Ningeweza kuita ni dawa ya kuku, nikaitia mwenyewe, na hakuna ambaye angejua. Lakini boti la Papa Bertin lingefanya safari yake ya kwanza Jumatatu kwenda Moba, na Mama Émérence, ambaye amefanya biashara ya ziwa miaka thelathini, alikuwa ameshapata nafasi ndani yake. Alikuwa anakwenda kuwaita ndugu kwa ajili ya kutoa matanga. Angelala juu ya mukanda ule.

Alhamisi jua lilipochomoza nilikuwa mlangoni kwake, upande wa Kituku. Alikuwa anafunga vikapu kwa kamba.

"Mama, nimekuja kuomba kutia chumvi."

Hakuinua kichwa. "Ndani ya nini?"

"Ndani ya mukanda wa Gauthier."

"Mukanda unakuliwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Ni kitu cha watu. Utalala juu yake mpaka Moba."

Aliacha kamba. Nilifungua mukebe niliokuja nao. Dawa ilikuwa imelia tangu jana yake, na sasa iling'aa ndani kama asali nyeupe.

"Hii njo chumvi?"

"Ndiyo. Ni chumvi ya kuku."

"Kuku nao wanafiwa?" Kisha akanyoosha kidole kuelekea ndani ya mukebe.

"Usiionje, mama!"

"Nisipoionja nitajuaje kama ni chumvi?"

"Gauthier alisema ni chumvi. Denise alikuwapo."

Kidole kilibaki hewani. Akakirudisha, akakifuta kwenye kitenge ingawa hakikugusa kitu.

"Ungeniambia ni dawa, ningekuitikia tu," alisema.

"Najua."

"Sababu gani hukusema hivyo?"

"Sababu ni chumvi, mama."

Aliishika tena kamba, akafunga fundo moja. Mimi nilihesabu saa zilizobaki mpaka Ijumaa mchana, nikaamua kwamba akikataa nitamwomba tena, na akikataa tena nitakaa hapo hapo mlangoni. Lakini alisimama.

"Matanga hayatolewake na muntu mmoja," alisema. "Ndugu wa Moba wasipofika, siwezi kukuwekea chumvi mukononi. Hata ya kuku. Lakini mutoto ni wangu. Kama kuna chumvi katika kazi yake, nitaitia miye. Nipe kitambaa cha kichwa."

Tulikwenda pamoja. Jikoni kwangu nilimwonyesha sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto. Nilipima kwa mizani ya Denise, sehemu saba za dawa kutoka mfuko mpya na sehemu sita za ire. Mama Émérence alitia, akakoroga kwa kijiko cha mbao. Kwanza ilikuwa kama sukari na chumvi kavu. Kisha pembeni ikaanza kung'aa. Vumbi likawa tope, tope likawa uji, na mwisho wake sufuria ilijaa kimiminika kiangavu, unaona chini.

"Nani ametia maji?" aliuliza kwa ukali.

"Hakuna aliyetia."

"Mambo mawili makavu."

"Ndiyo."

"Imelia yote," alisema.

Akaendelea kukoroga, ingawa hapakuwa na kitu cha kukoroga tena. Sikumwangalia usoni. Nilichukua chekeche nikaanza kuchunga masizi, na nilichunga polepole kuliko ilivyohitajika.

Baadaye aliimimina ndani ya wanga, mimi nikatia masizi, nikapiga mpaka bega likauma. Safari hii hayakushikana. Uji ulikuwa mweusi na mororo, ukashuka juu ya bati kwa uzito mmoja. Tulitengeneza mikanda sita. Kabla ya kuondoka aliosha mikono mara tatu na kuniambia kwamba Gauthier tangu utoto alikuwa akiharibu sufuria zake.

Ijumaa asubuhi niliibandua. Mmoja uliraruka, mitano ikatoka mizima. Niliukunja mmoja kwenye kidole changu, nikaukunjua. Haukuvunjika. Testa ilikubali, na nilipouvuta kidogo sindano ilishuka, nilipouachia ikarudi karibu na pale ilipokuwa. Niliugundisha kila mmoja kati ya vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli ili maji yasiufikie wanga, nyaya zikitokeza kwenye ncha. Saa nne na nusu nilikuwa pwani.

Papa Bertin aliniangalia nikiinama ndani ya boti lake na gundi mkononi, akaona aibu kukaa. Akashuka akanishikia mbao. Mikanda minne tuliiweka juu ya maungio manne ya chini, wa tano nikauweka akiba. Nyaya zikapanda mpaka kwenye mukebe, nyuma, karibu na mahali pa mwendeshaji.

"Sasa fungua ungio," nikamwambia.

"Nifungue? Nimeziba wiki mbili!"

"Kidogo tu. Kwa kabari."

Alinung'unika, lakini alichukua kabari nyembamba akaigonga kati ya mbao mbili. Mara moja. Mara mbili. Kengele kimya. Akagonga ya tatu, akaangalia jua, kisha akaangalia misumari yake.

Mama Émérence alikuwa amefika na kukaa juu ya gogo. Nilifungua mukebe. Ndani kuna skrubu ndogo, na daftari lilisema: izungushe mpaka kengele ilie, kisha irudishe robo. Mimi nilikuwa nimeirudisha mzunguko mzima, kwa kuogopa isije ikapiga kelele bure. Niliizungusha mpaka ikalia, nikairudisha robo, si zaidi.

"Toa kabari. Gonga tena."

Alitoa, akagonga. Sauti ilitoka kwenye mukebe, nyembamba, ya kuchokoza meno, na mafundi waliokuwa kwenye boti la jirani waligeuka. Papa Bertin alichomoa kabari. Baada ya kitambo ikanyamaza. Akagonga. Ikalia. Akafanya hivyo mara nne, na mara ya nne hakuwa anapima tena, alikuwa anacheza.

"Utaumiza boti yako," nilimwambia.

"Nyamaza, Mama Elsa, naongea na mwalimu."

Kutoka kwenye gogo, Mama Émérence alisema, "Basi italia kabla yetu."

Papa Bertin alijaza tena pamba kwenye ungio alilolifungua, akapaka lami. Saa sita ilikuwa imepita kwa dakika ishirini, naye hakuisema. Aliweka ubao wa kwanza wa sakafu, akatoa msumari kinywani, akapiga.

Walisafiri Jumatatu. Mimi nilimfundisha Elsa kupima saba kwa sita, kwa mchanga na unga, bila moto, kwa sababu Papa Bertin alikuwa ameniletea habari kwamba wenye maboti wawili wanauliza. Jumatano simu iliita.

"Kitu chako kililia," Mama Émérence alisema. Nyuma yake nilisikia kelele za bandari ya Moba. "Siku ya pili, asubuhi. Wakasogeza magunia, wakang'oa ubao mumoja wa sakafu, wakakuta ungio limeanza. Maji hayajaingia. Wakaziba, tukaendelea. Bertin alimutukana muntu aliyepakia magunia, halafu akacheka peke yake."

"Na wewe, mama?"

"Miye nililala." Nikasikia akiburuta kikapu. "Ndugu wanakuja wote. Tutakuwa huko tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane. Tafuta chungu kikubwa."

Chungu nimeazima kwa Denise. Na jana nimenunua chumvi, ya Uvinza, kavu. Iko juu ya kabati, bado imefungwa.